Msimu wako uwe na epizodi ngapi? Mwongozo wa kuipata namba kabla hujaandika skripti

Mtu ana wazo la sirizi, hajaandika hata sini moja (kipande kimoja cha tukio, mahali pamoja na muda mmoja), lakini ukimuuliza msimu utakuwa na epizodi ngapi anakujibu fasta: nane. Ukimuuliza kwanini nane anakutolea macho tu. Ni kwasababu kila anachoangalia siku hizi kina nane, basi. Miaka ishirini iliyopita huyo huyo angekwambia 22, na angejibu kwa uhakika ule ule.

Msimamo wangu mi ni huu: namba inatoka kwenye vitu viwili, kisa chako kinageuka mara ngapi na una siku ngapi za kushuti. Mengine yote, mtandao unaotaka kuwauzia, mashabiki, fasheni ya mwaka huu, yanakuja baadae kurekebisha tu. Mwongozo huu ni wa anayeandika au anayesimamia uzalishaji, ila hata kama we ni mtazamaji unayeshangaa kwanini sirizi fulani ilikuchosha kufika epizodi ya tano, utaona tatizo lilianzia wapi.

Kabla ya yote, jua hizo namba zimetoka wapi

Namba zote maarufu zina sababu zake na nyingi hazihusiani na usimulizi hata kidogo. Mwaka una wiki 52, ukigawa kwa nne unapata 13, yaani robo mwaka ukionyesha epizodi moja kila wiki. Ndo 13 ilikotokea hapo. 26 ni nusu mwaka, 39 ni robo tatu afu ile robo ya kiangazi televisheni inarudia za zamani. Na Marekani miaka ya 1950 walifanya hivyo kweli, Gunsmoke msimu wake wa kwanza ulioanza 1955 una epizodi 39, hebu fikiria hao waandishi walikuwa wanalala saa ngapi. Gharama zikapanda na namba ikawa inashuka, Star Trek ya 1966 ilianza na 29, mpaka mambo yakatulia kwenye 22 hadi 24, kuanzia Septemba mpaka Mei huku katikati kuna wiki za marudio.

Nyuma ya pazia kulikuwa na hesabu nyingine. Sirizi ikikaribia epizodi 100 ilikuwa inauzika kwa vituo vingine viirushe kila siku, na hela nono ilikuwa huko kwenye marudio. Piga 22 mara misimu mitano, 110, umevuka. Sasa kama sirizi yako haitauzwa kwa mtindo huo, 22 ya nini?

Uingereza walienda na 6, sababu kubwa ikiwa ni kwamba sirizi nyingi kule huandikwa na mtu mmoja au wawili mwanzo mpaka mwisho na binadamu anachoka. Fawlty Towers jumla yake ni epizodi 12 tu, 6 za 1975 na 6 za 1979. Drama za Korea Kusini zilizoea 16, mbili kwa wiki kwa wiki nane, japo siku hizi nyingi zimeshuka mpaka 12. Katuni za Japani ni 12 au 13, robo mwaka ile ile. Telenovela zinarushwa kila siku ya kazi kwahiyo 100 na ushee ni kawaida kabisa.

Alafu HBO, kituo cha kulipia cha Marekani, wakaja na The Sopranos mwaka 1999 kwa epizodi 13 na watu wakaona kumbe inawezekana kuwa na msimu usio na epizodi za kujazia. Netflix walipoiachia House of Cards yote kwa mpigo Februari 2013 nayo ilikuwa 13, namba waliyoikuta tu maana wao hawana robo mwaka ya kujaza. Baada ya hapo ikaanza kushuka, 10, 8, 6, kwasababu epizodi moja imekuwa ghali na mastaa wa muvi hawataki kufungwa miezi tisa kwenye seti moja. Kwahiyo 8 ni matokeo ya bajeti na ratiba za watu wengine. Hamna mtu aliyekaa chini akathibitisha kwamba kisa kizuri kina sehemu nane.

Hatua ya 1: Sema sirizi yako ni ya aina gani

Hii ni ya dakika tano ila wengi wanairuka. Kuna sirizi ambayo kila epizodi inafunga kisa chake, kesi mpya, mgonjwa mpya, balaa jipya la ofisini. Kuna ambayo ni kisa kimoja kirefu. Na kuna mchanganyiko, kesi ya wiki inaisha lakini nyuma yake kuna jambo linatembea polepole msimu mzima.

Ya kwanza haina namba ya asili, inaishi kadri unavyopata vijisa vipya na watu wanataka kukaa na hao wahusika. Komedi hasa. Komedi ya epizodi 6 watu ndo kwanza wanaanza kuwazoea wahusika nayo imeisha. The Office ya Marekani ilianza 2005 na epizodi 6 tu na ilikuwa bado haijajijua, ilikuja kukaa sawa baadae ilipopewa nafasi ya kuzunguka na wale wafanyakazi wa pembeni, ikafika misimu tisa na epizodi zaidi ya 200. Najua utaniambia The Office ya Uingereza, ile ya asili, ilitosha na 6 kwa msimu, kweli, lakini ile ilikuwa na kisa kinachoelekea mwisho wake kabisa, ni komedi iliyojengwa kama drama.

Aina ya pili, kisa kimoja kirefu, ndo inayoumiza watu, na hatua zinazofuata karibu zote zinaihusu hiyo. Mchanganyiko unabeba vizuri epizodi 10 hadi 16 na hauhitaji ugomvi mwingi.

Hatua ya 2: Andika mwisho, afu hesabu mageuzi

Chukua karatasi, andika sentensi moja ya jinsi msimu unavyoisha. Kama huujui mwisho acha kila kitu urudi ukiujua, maana hapo namba yoyote utakayoitaja ni ya kubahatisha. Lost ndo mfano wa wazi. Msimu wa tatu walikuwa wanaandika bila kujua watamaliza lini, kituo kinataka waendelee tu, wakafika mahali wakatumia sehemu kubwa ya epizodi nzima kuelezea tatoo za mhusika mkuu zilitoka wapi. Mei 2007 wakatangaza makubaliano ya mwisho: epizodi 48 zimebaki, misimu mitatu ya 16 (mgomo wa waandishi ulikuja ukavuruga mgawanyo kidogo lakini tarehe ya mwisho ilibaki 2010) na ghafla kisa kikapata mwendo, maana sasa kila epizodi ilikuwa inatumia kitu kutoka kwenye akiba ambayo ina kikomo.

Ukishapata mwisho, orodhesha mageuzi. Geuzi ni tukio ambalo baada yake mhusika hawezi tena kurudi alipokuwa. Kugombana na kupatana sio geuzi. Kupata taarifa peke yake sio geuzi pia, mpaka ailipie kitu.

Tuchukue mfano tuutumie mpaka mwisho. Mhasibu mdogo kwenye kampuni ya usafirishaji anagundua kampuni inalipia mafuta ya malori hewa, kwenye vitabu yapo, barabarani hayapo. Msimu unaisha akiwa mbele ya hakimu anatoa ushahidi unaomfunga na yeye mwenyewe. Nikiandika haraka haraka bila kuchuja napata hivi: anagundua malori hewa, anamwambia shoga yake wa ofisini kumbe shoga naye yumo kwenye mgao, anapewa hela anyamaze na anapokea, mkaguzi wa nje anafika, dereva aliyekuwa anajua siri anapotea, anaanza kughushi risiti kwa mkono wake, mume anaikuta hela kabatini, bosi anampandisha cheo, shoga yake anakamatwa yeye akiwa ameachwa, mkaguzi anamtaka awe shahidi, anasimama mahakamani.

Kumi na moja. Hapo mtu anafurahi anasema poa, epizodi 11. Subiri kwanza.

Hatua ya 3: Futa moja moja uone nani atalalamika

Hii ndo hatua yenyewe, zingine ni hesabu tu. Chukua kila geuzi, lifunike kwa kidole, afu soma linalofuata. Kama linalofuata bado linaeleweka na lina uzito ule ule, ulilolifunika halistahili epizodi yake.

Funika "mkaguzi anafika". Dereva bado anapotea, hofu bado ipo, kilichopungua ni utambulisho wa mhusika mpya ambao unaweza kuufanya kwa sini mbili ndani ya epizodi ya dereva. Imeondoka. Funika "anapandishwa cheo". Kama cheo kinakuja kwasababu anaghushi risiti vizuri basi hayo mawili ni kitu kimoja, asubuhi anaghushi na jioni anapongezwa, na yakikaa pamoja yanauma zaidi kuliko yakitenganishwa. Yameungana. Funika "mume anaikuta hela". Hapa ndo unatakiwa ujiulize vizuri, mume anafanya nini? Kama anafoka, analia, wanapatana, hilo ni pumziko, linaingia kama sini ya dakika nne kwenye epizodi ya jirani. Ila kama anaichukua akalipia deni lake bila kusema, sasa na yeye yumo, na nyumbani hamna tena mtu msafi, hilo ni geuzi kamili. Mi katika mfano huu namfanya mume wa kupatana, kwahiyo naye anaondoka.

Tumebaki na 8. Ndiyo, nane ile ile niliyoianza kwa kuisema vibaya, lakini hii tunajua ilikotoka na mtu akija kukwambia upunguze unajua unakata nini.

Unapofuta angalia pia upande wa pili, mageuzi mawili makubwa yaliyobanwa kwenye epizodi moja. Hapo ndo Game of Thrones walipolaumiwa sana. Misimu sita ya kwanza ilikuwa 10 kila mmoja, wa saba wa 2017 ukawa 7, wa mwisho wa 2019 ukawa 6, epizodi zikawa ndefu lakini chache, na safari zilizokuwa zinachukua nusu msimu zikawa zinaisha kati ya sini na sini. Mtu kubadilika kabisa tabia kunahitaji mtazamaji alale usiku akiwa na mashaka, ukimpa mashaka na jibu ndani ya dakika 80 hakubali, hata kama kwenye karatasi kila kitu kipo.

Hatua ya 4: Hesabu dakika kwanza, epizodi baadae

Watu wanabishana epizodi 6 au 10 kana kwamba epizodi zote zina urefu mmoja. Sherlock ya 2010 ilikuwa na epizodi 3 tu kwa msimu, watu wanaisema kama fupi kupita kiasi, lakini kila moja ni kama dakika 90, hiyo ni 270 jumla, sawasawa na epizodi 6 za dakika 45. Stranger Things msimu wa nne wa 2022 una epizodi 9 na ile ya mwisho inazidi masaa mawili. Namba 9 hapo haikwambii kitu.

Geuzi moja linahitaji dakika ngapi? Inategemea na visa vya pembeni. Ukiwa na mhusika mmoja na kisa kimoja cha pembeni, dakika 30 hadi 35 zinatosha na epizodi inatembea. Ukiwa na familia tatu zinazofuatiliwa sambamba, chini ya 50 utakuwa unaruka ruka tu kila mtu anapewa sini mbili. Mhasibu wetu ni wa kundi la kwanza. Kumbuka hiyo maana inatuokoa sasa hivi.

Hatua ya 5: Zipeleke kwenye siku za kushuti

Kanuni ya zamani ni kwamba ukurasa mmoja wa skripti ni karibu dakika moja kwenye skrini. Krew ya kawaida, yaani timu nzima ya kushuti, kwa siku inamaliza kurasa 5 hivi, maongezi ya watu wawili ndani ya chumba yanaweza kufika 7 au 8, na sini ya kufukuzana ukipata 2 shukuru. Drama za Marekani za saa moja zimezoea kutumia siku 8 kwa epizodi, ukipiga hesabu utaona inarudi hapo hapo.

Haya, epizodi 8 za dakika 45 ni kurasa 360, gawa kwa 5, siku 72. Tuseme hela ulizonazo zinalipa siku 60. Toa 6 za dharura, mvua, mwigizaji kuumwa, lokesheni kufungwa, usije ukazipangia kazi hizo siku hata ukibembelezwa. Zinabaki 54, ambazo ni kurasa 270.

Hapa sasa una njia mbili na watu wengi wanachagua mbaya. Njia ya kwanza ni epizodi 6 za dakika 45. Unabaki na urefu "unaoheshimika" lakini lazima uue mageuzi mawili kati ya manane ambayo tayari umeshayapima ukaona yote yanahitajika. Njia ya pili ni epizodi 8 za dakika 33 hivi. Kisa kizima kinabaki, kinachokonda ni maongezi ya kuzunguka, watu kushuka kwenye gari taratibu, yale matazamo marefu dirishani. Mi nachagua ya pili karibu kila mara. Hamna sheria inayosema drama lazima iwe dakika 45, hiyo 42 mpaka 45 yenyewe ni saa moja ya televisheni ukitoa matangazo.

Kitu kingine kwenye gharama ni kwamba kuna hela unazitumia mara moja tu, kujenga seti, kushona mavazi, kutafuta lokesheni, kukusanya krew. Epizodi zikiwa nyingi hizo hela zinagawanyika. The Pitt iliyotoka Januari 2025, msimu wa kwanza una epizodi 15, kila moja ni saa moja ya zamu ya hospitali, na karibu yote imeshutiwa ndani ya seti moja kubwa, ndo maana wameweza 15 kipindi ambacho wenzao wanahema na 8. Kwahiyo ukitaka epizodi nyingi anza na kisa kinachokaa sehemu moja. Kisa cha watu wanaosafiri kila epizodi, hata uwe na hela vipi, kitakurudisha kwenye 6.

Na ukibanwa kabisa tengeneza epizodi moja ya ndani, watu wawili, chumba kimoja, kurasa 8 kwa siku. Breaking Bad walifanya hivyo msimu wa tatu mwaka 2010, epizodi ya 10 inayoitwa Fly, karibu yote ni watu wawili na nzi mmoja ndani ya maabara, na ilizaliwa na kubana bajeti. Kuna wanaoichukia na kuna wanaoipenda kupita zote. Ila iweke mahali ambapo wahusika wana jambo la kufichana, bila hivyo ni watu wamekaa chumbani tu.

Hatua ya 6: Itatoka vipi?

Ikitoka kila wiki, epizodi 8 ni miezi miwili ya watu kuizungumzia, 13 ni miezi mitatu, na 6 ni mwezi mmoja na nusu, ambayo ni fupi kwa sirizi mpya isiyojulikana maana watu wengine wanasikia habari zake ikiwa imeshafika ya nne. Ikitoka yote kwa mpigo, watu watakaa nayo wikiendi moja au mbili, na hapo zaidi ya 10 za saa moja wengi wanaishia njiani hata kama wanaipenda.

Kuna njia ya katikati ambayo naiona inafaa zaidi ya zote kwa kisa kirefu, kutoa kwa mafungu. Andor msimu wa pili wa 2025 walikuwa na epizodi 12, zikatoka tatu tatu kwa wiki nne, na kila fungu la tatu linabeba mwaka mmoja wa kisa. Yani wameandika kama muvi nne. Ukitaka kuiga hiyo, uamuzi unafanyika huku kwenye karatasi, fungu lazima liwe na mwisho wake wenyewe. Kukata msimu katikati baada ya kumaliza kuedit sio kitu kimoja.

Hatua ya 7: Panga uzito ukae wapi

Ukishakuwa na namba, weka mageuzi kwenye nafasi zake uone kama msimu unapinda mahali. Mazoea ya miaka mingi ni kwamba pigo kubwa linakaa epizodi ya pili kutoka mwisho, na ya mwisho inabaki kwa ajili ya watu kubeba matokeo. Game of Thrones waliifanya 9 kati ya 10 kuwa epizodi ya kuogopwa. Ukiweka pigo epizodi ya mwisho kabisa ni sawa kama una uhakika wa msimu unaofuata, kama huna uhakika utakuwa umewaacha watu roho juu bure.

Katikati ndo pabaya. Kwenye msimu wa 8, epizodi ya 4 na 5 ndo zinalegea, kwenye 13 ni 6 mpaka 9. Kwa mhasibu wetu, epizodi ya 5 ni ile ya kughushi risiti na kupandishwa cheo, na hapo nimetulia, kwasababu anapanda cheo na kuzama kwa wakati mmoja. Kama katikati yako kuna epizodi ambayo ukiulizwa "hapa kinatokea nini" unajibu "tunawaelewa zaidi wahusika", rudi hatua ya 3, hiyo haijapita mtihani.

Wakikwambia ubadilishe namba

Watakwambia tu. Wakitaka upunguze kutoka 8 mpaka 6, usikate kidogo kidogo kila epizodi, ondoa kisa kizima cha pembeni, mhusika mzima atoke, ndo unapata kurasa bila kukibana kisa kikuu. Breaking Bad msimu wa kwanza ulipangwa epizodi 9 ukaishia 7 kwa mgomo wa waandishi wa 2007 hadi 2008, na ulisimama vizuri, kwasababu kilichobaki kilikuwa kisa cha mtu mmoja kinachoeleweka. Wakitaka uongeze kutoka 8 mpaka 10 ni hatari zaidi, maana utashawishika kuongeza ndugu aliyepotea au ndoto. Rudi kwenye yale uliyoyafuta hatua ya 3. Mume wa mhasibu yupo pale anakusubiri, mpe ile tabia ya kuichukua hela na una epizodi mpya ya halali. Usiitupe ile karatasi.

Jambo la malipo pia liangalie mapema. Waandishi wakilipwa kwa epizodi, msimu wa 22 ulikuwa unawalisha karibu mwaka mzima, msimu wa 8 unaotengenezwa kwa muda mrefu hauwalishi, na hiyo ilikuwa moja ya sababu kubwa za mgomo wa waandishi wa Hollywood wa 2023 uliochukua siku 148. Msimu ukiwa mfupi kubalianeni malipo ya wiki, vinginevyo waandishi wako watachukua kazi nyingine pembeni na skripti ya 7 na 8 utaona zimeandikwa na mtu mwenye usingizi.

Kama huna muda wa hatua zote

Namba zangu za kuanzia, sio za kuapia. Komedi inayofunga kisa kila epizodi, 13, na ikishika watu nenda 20 na zaidi, Abbott Elementary walianza na 13 msimu wa kwanza wakaenda 22 wa pili na hawakupoteza kitu. Drama ya kesi za kila wiki, 13 hadi 16. Kisa kimoja kirefu chenye wahusika wengi, 10 hadi 12. Kisa kimoja chenye mhusika mmoja, 6 hadi 8 na epizodi fupi. Tukio moja, la kweli au la kubuni, lenye mwanzo na mwisho unaojulikana, 4 au 5, Chernobyl ya 2019 ni 5 na Adolescence ya 2025 ni 4, na huwezi kuonyesha hata sini moja ya kuongeza humo ambayo ingesaidia. Kama hesabu inakupa 3 au chini ya hapo na kila moja ni fupi, ongea na wenzako kuhusu kuifanya muvi.

Na msimu wa pili ukija usiirithi namba ya wa kwanza. Utabanwa sana hapo kwasababu mkataba, ratiba na mashabiki wote watakuwa wameshazoea 8. Anzia hatua ya 2, mwisho mpya, mageuzi mapya, kidole kile kile. Mhasibu akiwa gerezani seti ni moja na visa vya pembeni vimeongezeka, na mi hapo nikipiga haraka haraka naona 10 za dakika 45, kwa siku za kushuti ambazo hazitazidi sana zile 60 maana kurasa 7 kwa siku ndani ya seti moja zinawezekana.